Macho ya Kwenye Bango la Sabuni

Riziki alinipigia simu Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa nakata kitambaa cha bendera ya kwaya, akaniambia baba yake amefariki. Sauti sikuitambua. "Ni mimi, Riziki wa Kansanga," akasema, "binti ya ule fundi wa rangi wa Old Kampala." Kabla sijapata la kusema akaongeza jambo lililonikalisha chini. "Shangazi Nekesa, Baba hana picha. Kanisa linataka picha ya kuweka kando ya jeneza kesho, na sisi hatuna hata moja. Ile ya kitambulisho, aliyolazimishwa na serikali, imekwaruzika, macho hayaonekani. Kuja na brashi zako, tafadhali." Nikamuuliza kama ana hakika ni mimi anayenitaka. "Ni weye," akasema. "Weye njo ulimuchora," yaani wewe ndiye uliyemchora, kwa Kiswahili cha kwao Kongo. Nikabaki kwenye kigoda changu hapa Luzira, mkasi mkononi, kitambaa kimenimwagikia miguuni. Katika Kampala nzima wenye brashi ni wengi, na mtu wa mwisho ambaye Baba Riziki angetaka amguse uso ni mimi. Yule bwana alikataa kupigwa picha kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilisikia kwa watu kwamba hata harusini alikuwa anatoka nje wapiga picha wakianza kazi. Sababu ilikuwa mimi, na mkono wangu huu, na jambo nililolifanya mwaka mmoja tu wa ujana wangu, ambao tangu hapo nimekuwa nikiukwepa kama mtaa wenye mbwa mkali.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilivyotoka Busia hadi Kampala hakuna haja ya kueleza. Watu wanatoka Busia kila siku. Niseme juu ya kile chumba. Kilikuwa chumba kirefu, chembamba, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi chini ya kilima cha Old Kampala, wakati ule msikiti mkubwa wa juu ukiwa bado haujamalizika. Dirisha lilikuwa moja tu, upande wa mashariki. Ukiingia, pua inapokewa na tapentaini, halafu vumbi la mbao, halafu mchuzi wa karanga, kwa sababu mwenye karakana, Mzee Kaggwa, alikuwa anapasha chakula chake cha mchana kwenye jiko lilelile alilochemshia gundi. Tulikuwa wachoraji wa mabango: saluni, maduka ya dawa, makanisa, wauza matairi. Wachoraji wenyewe tulikuwa wawili, mimi na Baba Riziki, Mkongo kutoka Uvira, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye sauti ya chini na mikono misafi kupita kiasi kwa fundi wa rangi. Yeye aliniita mudogo, yaani mdogo wake. Mimi nilimwita Baba Riziki, kwa jina la binti yake wa miaka minane, ambaye hakuacha kumtaja siku hata moja.

Mzee Kaggwa alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyotuponza. Kazi yake aliifunzwa na Mhindi mmoja mzee aliyekuwa anachora mabango ya sinema, na alichorithi kwake ni kwamba mchoraji anayenakili hatakiwi kuona picha nzima. Picha ya kunakiliwa ilikuwa inalazwa juu ya meza kichwa chini, miguu juu, inafunikwa karatasi ya kaki yenye tundu moja la mraba. Unachora unachokiona kwenye tundu, basi. Ukimaliza, tundu linasogezwa. "Wewe nachola kile jicho naona," alikuwa akituambia kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Hapana chola kile kichwa najua. Ukiona uso, mkono nasema uongo." Na kwa kuwa chumba hakikuwa na ukuta wa kusimamisha bango kubwa, tulichora kila mraba kwenye kipande chake cha plaiwudi, futi moja na nusu kila upande, tukaandika namba nyuma na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Siku ya kutundika, Mzee Kaggwa na fundi mbao wake walikwenda na vipande vyote na bisibisi, wakavifunga ukutani kimoja kimoja kwa skrubu nne. Sisi wachoraji tuliona kazi yetu baadaye, kama mpita njia mwingine yeyote. Mnaweza kucheka, lakini mimi nilijivunia sheria hiyo. Niliiona kama ufundi wa hali ya juu.

Kwa hiyo saa za chakula tulikuwa na mchezo. Baba Riziki alifungua bakuli lake la sombe, majani ya mhogo yaliyopondwa na kupikwa kwa mawese, mimi nilikuwa na viazi vyangu na chai, tukaanza kubashiri tunachora nini. Kipande chenye mistari ya kahawia mimi niliapa ni mkia wa farasi. Bango lilipotundikwa ikawa ni nywele za mwanamke wa saluni. Yeye alicheka hadi akakohoa. "Mudogo, weye hata shetani akikuletea picha yake utasema ni mbuzi." Tulicheka sana mwaka ule, mwanzoni. Nataka hilo lijulikane.

Mteja alikuja mwezi wa pili. Jina lake Bwana Gitau, Mkenya mwenzangu, mfanyabiashara mwenye viatu vinavyong'aa, aliyekuwa anafungua mgahawa Kansanga, pale kwenye barabara ya Ggaba. Alikodi ghala la duka la zamani na ndani yake akakuta bomba la bati lenye karatasi moja kubwa ya tangazo la sabuni la enzi za wakoloni. Akataka tumkuzie, bango la ukuta mzima. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikiosha brashi, nikamsikia anavyomsifia Mzee Kaggwa mali yake. "Hii ni ya kale, mzee. Kule Nairobi mahoteli makubwa yanatafuta vitu kama hivi. Wazungu wa mashirika wakiona, watapenda. Na watu watacheka, utaona." Bomba likafunguliwa, karatasi ikakunjuliwa, niliisikia inavyolia. Halafu Mzee Kaggwa, mtu wa maneno mengi kuliko redio, hakusema kitu kwa muda mrefu. Ule ukimya nimeukumbuka mara nyingi. Wakati ule nilidhani anapiga hesabu ya plaiwudi. Mwishowe akasema, "Macho yameliwa na mchwa, ssebo," yaani bwana, kwa heshima ya Kiganda. Bwana Gitau akamjibu, "Si mtatia mengine?"

Vipande vilikuwa thelathini. Tulivigawana. Mimi nikapata povu, povu, na povu tena, kisha ukingo wa kitu kama beseni, kisha mkono mdogo wa waridi ulioshika brashi. Baba Riziki, kwa sababu hakuna aliyemzidi kwenye rangi nyekundu, alipewa vipande viwili vyekundu. Alivichora kwa siku nne, akatia mng'ao pale juu, akatia kivuli pale chini, akarudi nyuma akatazama, akarudi mbele. Wakati wa chakula nikamwambia hilo ni tikiti maji. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hii ni mto. Mto ya kulalia, ya mutu tajiri. Angalia vile inavimba." Nikakubali ni mto. Ulikuwa mwekundu wa kupendeza, haki ya nani.

Kisha ukaja mraba namba kumi na mbili, ule ulioliwa na mchwa. Huo haukuwa na cha kunakili. Mzee Kaggwa akaniambia, bila kunitazama, "Wewe natia macho. Macho ya mwanaume, Mwafrika. Naangalia mbele." Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupewa kitu cha kuchora mwenyewe, na nusura niruke. Lakini macho siwezi kuyachora bila mtu. Nikamwomba Baba Riziki anikalie. Akaketi karibu na dirisha, mwanga wa mashariki ukimpiga shavu la kushoto, siku tatu, saa moja kila asubuhi kabla ya kazi. Nilimtazama mtu yule kuliko nilivyowahi kumtazama mtu yeyote. Kope zake za chini zilikuwa na uzito. Jicho la kulia lilikuwa dogo kidogo kuliko la kushoto, na akiwa anasikiliza lilizidi kuwa dogo. Alinieleza kwamba walipokimbia Uvira picha zote ziliachwa kwenye kabati: za harusi, za mama yake, zote. "Sina sura mahali popote, mudogo. Hata bibi yangu, mama ya Riziki, akinisahau, hakuna kitu ya kumuonyesha." Siku ya tatu nilipomaliza, nikaugeuza mraba akauona. Aliusogelea hadi karibu kuugusa. Halafu akacheka kidogo na kufuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sasa niko," akasema. "Nitabakia mu Kampala, ku ukuta." Akanipa mkono kama watu wanavyopeana mikono baada ya kuuziana ng'ombe.

Mgahawa ulifunguliwa Jumamosi mchana. Viti bado vilikuwa na nailoni zake, wahudumu wamevaa aproni mpya, kuku na pilau vinanukia hadi barabarani. Kulikuwa na Wakenya wa biashara na wake zao, Waganda waliovaa kanzu na koti, Wazungu wanne au watano wa mashirika. Baba Riziki alikuja na suti ya kijivu ambayo sijui aliiazima wapi, akimshika mkono Riziki. Mtoto alivaa gauni la njano na soksi nyeupe. Alikuwa ameambiwa anakuja kuona macho ya baba yake, na njia nzima alikuwa anawaambia watu. Alinishika na mimi mkono. Mchungaji akaomba, Bwana Gitau akavuta kamba, shuka likaanguka.

Kwanza sikuelewa ninachokiona, na kwa sekunde chache nilifurahi, kwa sababu niliona povu langu limekaa vizuri. Kisha picha ikakusanyika. Mungu wangu. Ilikuwa ni mtu mweusi, mkubwa kuliko mlango, amekaa uchi ndani ya beseni. Pua imepondwa. Masikio yametoka. Midomo ilikuwa mikubwa, myekundu, imevimba, imekula nusu ya uso, na katikati yake safu ya meno yanayochekelea. Mtoto wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu alikuwa anamsugua kwa brashi, na mkono mmoja wa yule mtu ulikuwa umeshageuka mweupe hadi kwenye kiwiko, na alikuwa anaunyanyua akiushangilia, mtu mzima, kama kitoto kilichopewa pipi. Chini kulikuwa na maneno ya Kiingereza ya kuringia kwamba sabuni yao inaweza hata hiyo kazi. Na juu ya midomo ile, ndani ya ule upumbavu wote, macho mawili ya mtu wa kweli yakitutazama. Mtu mmoja akaangua kicheko, na wengine wakamfuata kama waliokuwa wanasubiri ruhusa.

Baba Riziki hakuwa anatazama macho. Alikuwa anatazama midomo. "Ile mto," akasema polepole. "Ile mto yangu." Nikakumbuka siku nne za mng'ao juu na kivuli chini, nikataka ardhi inimeze. Na hapo ndipo Riziki, ambaye alikuwa ameinua shingo akikagua ukuta kwa makini kama mtoto aliyetumwa, akauliza kwa sauti yake safi ya Jumapili: "Baba, njo weye?"

Baba yake alimfunika macho kwa kiganja, taratibu, na kiganja kikabaki pale.

Bwana Gitau akaja akipangusa jasho, amejaa furaha. "Nani alichora hayo macho? Kila ninapokwenda yananifuata! Wewe dada? Sikiliza, nina migahawa mingine miwili, nataka mabango sita, na aliyechora macho ndiye atasimamia kazi." Akacheka. "Lakini ni ya nani? Ni ya mtu kweli?" Baba Riziki alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Wageni wakawa wananisikiliza. Nikasema, "Si ya mtu, bosi. Nimeyatoa kichwani tu." Kwa miaka nimejidanganya kwamba nilimkinga, kwamba ningesema ni ya huyu hapa, ukumbi mzima ungegeuka na kumlinganisha na lile dude ukutani. Ni kweli wangegeuka. Lakini ni kweli pia kwamba nilikuwa nimesikia neno sita, na neno kusimamia, na moyo wangu ulikuwa umeshasogea upande ule. Nilipogeuka, Baba Riziki alikuwa ananitazama, na jicho lake la kulia lilikuwa limekuwa dogo.

Jumatatu nilimvaa Mzee Kaggwa kabla hajavua koti. Nikamuuliza kama alijua. "Nalijua," akasema. "Iko picha ya zamani, Nekesa. Ile Mhindi yangu nachola kama hiyo, mimi nashikilia kopo la langi. Nilikuwa kijana kama wewe. Na mimi nalishangaa, siku moja." Akawasha jiko. "Sasa wewe nataka mimi nafunga duka?" Nilimwambia angetuonyesha. Akaniuliza kwa nini sikuinua karatasi ya kaki nikachungulia, ilikuwa karatasi tu, haikuwa na kufuli.

Baba Riziki hakupiga kelele. Alingoja nilipokwenda kuosha brashi akanifuata. "Mudogo, uende kule, upake rangi pa ile macho. Midomo uiache, mi nilichora, ni dhambi yangu. Lakini macho ni yangu mwenyewe. Mi nikienda wataniuliza mi ni nani. Weye njo uliitia, weye njo utaitoa." Nikamwambia sawa, wiki hii. Wiki ile ikapita. Nikasema Bwana Gitau amesafiri. Nikasema ngazi imeharibika. Kila siku ya Mungu nilipita mbele ya ule mgahawa, kwa sababu nilikuwa napanga chumba kulekule Kansanga, na kila siku nilitazama upande wa pili wa barabara. Wiki ya nne hakuuliza tena. Wiki ya tano alikuja, akafanya kazi hadi jioni, akaosha brashi zake zote, akazipanga kwenye mkebe kwa ukubwa, akaaga kwa heshima, na hakurudi.

Siku chache baadaye nikaitwa mgahawani haraka. Kwenye bango, pale penye macho, kulikuwa na tundu la mraba na ukuta wa saruji nyuma yake. Mhudumu mmoja akanieleza, bila wasiwasi wowote. "Nyabo, dada, si ni fundi wenu? Alikuja mchana na ngazi, watu wanakula. Alipita kila meza akisema samahani kwa usumbufu. Alisema inaenda kutengenezwa." Juu ya kaunta, ndani ya kisahani cha chai, zilikuwa skrubu nne zimepangwa. Mtu mwenye ngazi na ovaroli hakuna anayemuuliza kitu. Nikamwambia Bwana Gitau ndiyo, ni sisi, rangi ilikuwa imepasuka. Kumbe naye alikuwa na neno. "Afadhali. Mkirudisha, tieni macho ya kawaida, ya kuchekesha. Haya yalikuwa yananiharibia biashara. Watu wanageuza viti, wanasema yule mtu anawatazama wakila."

Nikayatia. Hapa ndipo ninaposhtuka kuliko hata siku ya shuka. Nilichukua kipande kipya, nikachora mayai mawili meupe na kidoa cheusi katikati ya kila moja, bila kumtazama mtu yeyote. Ilinichukua muda wa kikombe kimoja cha chai, na chai haikupoa. Ndipo nikaelewa yule mchoraji wa kwanza, huko alikokuwa, alivyofanya kazi yake: hakuwahi kumkalisha mtu dirishani hata dakika moja. Nilikuwa nimeujua ufundi wake wote kwa asubuhi moja. Bango likawa zima tena, watu wakarudisha viti, wakacheka, na mimi nikapewa yale mabango sita. Mawili kati yake yalikuwa ya aina ileile. Safari hii niliinua karatasi ya kaki, nikaona, na nikachora hivyohivyo. Sijitetei.

Mwisho wa mwaka nikaacha kazi ile, nikahamia huku Luzira. Baba Riziki tulikutana mara mbili tatu sokoni Nakasero. Aliniuliza hali, akaniuliza kama bado nachora, akaniaga. Nilikuwa na hakika ule mraba aliuchoma moto. Ningekuwa mimi ningeuchoma.

Jumanne hiyo nilifika Kansanga kabla ya saa saba. Mgahawa wa Bwana Gitau siku hizi ni duka la magodoro, na lile bango hakuna anayejua lilikwenda wapi. Nyumbani kwa marehemu kulikuwa na turubai na viti vya plastiki, wanawake wanakoroga bugali, ugali wa Kikongo, kwenye sufuria kubwa, wengine wanaimba. Riziki alinipokea mlangoni. Ni mwanamke mzima sasa, ana mtoto mgongoni, na nilipoiona midomo yake nilijua ni ya nani. Akanipeleka chumba cha ndani, akavuta sanduku chini ya kitanda. Chini ya makaratasi ya ukimbizi kulikuwa na kitu kimefungwa kwa kitenge. Alipofungua, niliona kwanza nyuma yake: namba kumi na mbili, mshale wa juu, mwandiko wangu wa ujana. Akaugeuza.

Nilipiga ukelele. Waimbaji nje walinyamaza kidogo, wakadhani ni kilio cha kawaida, wakaendelea. Macho yalikuwa yananitazama kama siku ya tatu dirishani, rangi haijachubuka hata kidogo, na kwenye pembe nne kulikuwa na matundu ya skrubu. "Tulikuwa tunakaa na hii," Riziki akasema. "Alikuwa anatuambia, hii haikutoka ku bango. Bango njo iliiba." Nikamuuliza, kwa sababu nisingeweza kukaa bila kujua, alisema nini juu yangu. Akafikiri. Hakutaka kunidanganya, na namshukuru kwa hilo. "Alisema Shangazi Nekesa njo mutu mumoja tu alishamuangalia vizuri, siku tatu nzima. Lakini alikungoja, Shangazi. Alisema utakuja, utamuomba samahani. Alingoja sana." Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha marehemu nikalia kwa sauti, mwanamke wa umri wangu, na Riziki akanishika bega kama vile mfiwa ni mimi.

Fundi mbao wa kando ya barabara, anayetengeneza vitanda na majeneza, alitoboa ubao mkubwa wa plaiwudi na kuupachika ule mraba katikati, ukakaa sawa. Nikafanya kazi sebuleni hadi jioni, kwa rangi za kukauka haraka, ubao umesimama wima, watu wakipita na sahani zao. Sikufunika kitu. Macho yalikuwa yameshakuwepo. Uso nikaujenga kuyazunguka, paji, mashavu, masikio yake madogo ambayo wajukuu walinisaidia kuyakumbuka. Nilipofika kwenye midomo mkono uligoma. Riziki akampa mtu mtoto, akavuta kiti, akakaa karibu na dirisha. "Angalia yangu," akasema. "Wote wanasema nilichukua kinywa yake." Nikamtazama hadi nikatosheka, kisha nikachora. Mwishoni nikashika gundi ya mbao nizibe matundu manne ya skrubu, nikamuuliza kwanza. Akasema, "Acha. Yeye njo alizifungua."

Kesho yake kanisani waliuweka ubao kando ya jeneza. Watu walipita kuaga, na wengi walisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, hata mzee wa kanisa akawa anawahimiza. Mama mmoja wa kwaya, ambaye hanijui wala simjui, akanisogelea huku akifuta macho. "Dada, wanasema weye njo ulichora. Hii macho umeitoa wapi? Kulikuwa na picha, ama umeitoa kichwani tu?"

"Ni yake," nikasema. "Ni ya Baba Riziki. Alinikalia siku tatu kwenye dirisha, mimi nikimtazama." Sikukusudia kupaza sauti, lakini ilifika hadi viti vya nyuma, na kanisa zima likageuka kumtazama Baba Riziki.